Pa Kuweka Sabufa

Fundi Machano aliitwa kufunga sabufa, spika ya mdundo mzito, nyumbani kwa Shaweji, mume mpya wa Tunu. Tunu alikuwa mke wa Machano, mpaka mwaka juzi.

Akaiweka sabufa juu ya kiti cha Tunu, akafungulia muziki kidogo, kisha akapiga magoti. Ndivyo alivyofundishwa: sabufa ikae kwanza anapokaa msikilizaji, fundi atambae kufuata kuta akitega sikio. Mdundo utakapotulia, hapo ndipo pake.

"Mama, njoo umwone fundi wako anavyotambaa," Shaweji aliita. "Kabakiza kuota meno tu."

Tunu alitoka jikoni. Hakucheka, ila midomo aliibana. Kwa Machano hakuwahi kuwa na kiti, walikaa mkekani. Machano akakitazama kile kiti kwa wivu.

"Mimi naitaka pale nyuma ya pazia," Shaweji akasema. "Isionekane. Au vipi?"

Nyuma ya pazia sabufa ingekosa hewa, ingepata moto, na mwezi usingeisha kabla haijaungua. Machano alihitaji kusema "sawa" tu, achukue begi lake aende. Neno lilishafika ulimini.

"Pale itaungua," akasema, kama mtu anayetapishwa. "Weka hapa nilipo, karibu na mlango wa jikoni, mdundo umetulia. Na usiifungulie mpaka mwisho."

"Hapa?" Tunu akaja kusimama papo hapo, asikie mwenyewe.

Machano alikuwa bado amepiga magoti. Mbele ya macho yake, kidole gumba cha mguu wa Tunu kilianza kufuata mdundo.