Ubishi juu ya Herufi Fa

Zama wanyama wakisoma nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu, Nungunungu na Kobe walibishana kila alasiri, miaka kumi: herufi fa huunganisha maneno tu, au huonyesha sababu pia? Siku moja Kobe akachoka. "Haya, sheikh, umeshinda." Akafunga kitabu akaenda zake, maana desturi yao aliyeshindwa harudi tena barazani.

Nungunungu akatamba siku mbili, miiba imemsimama kwa fahari. Siku ya tatu akamimina kahawa vikombe viwili, akavinywa vyote peke yake. Siku ya saba akagonga kwa Kobe.

"Sheikh, nimekosea mimi. Wewe ndiye mshindi."

Kobe akatoa shingo gambani taratibu. "Hata hapo umekosea," akasema. "Ingia tubishane."