Kesi ya Jerikeni Mbili

Mmoja wa wale wanawake wawili alikuwa mwongo, na Leila alitakiwa kumjua kabla ya adhana ya magharibi. Akishindwa, simu yake ingeendelea kulala ndani ya sanduku la chuma la mama yake, ilikolala tangu matokeo ya muhula wa kwanza yatoke.

Matokeo yenyewe yalikuwa ya kufunikwa kwa leso. Kiswahili, thelathini na moja kwa mia. Chini ya insha mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: “Hoja hakuna. Msamiati hakuna.” Abdiladif, baba yake, aliyasoma maneno hayo mara mbili, akanyoosha mkono, akapewa simu. Kisha akatangaza sheria mpya ya nyumba. Kila Jumamosi atatoa kesi moja ya kutatua, na mama atachagua maneno matatu magumu kutoka kwenye kamusi. Leila atatoa uamuzi wake kwa kuyatumia maneno hayo. Akimaliza kesi kumi, simu itarudi.

Tisa zilikuwa zimepita. Mwanzoni Leila alizichukia kama vidonge vya malaria. Sasa, ingawa asingekiri hata kwa kiboko, alikuwa anazingoja tangu Alhamisi. Na leo ilikuwa ya kumi.

“Rudia, Aabo. Pole pole.”

Abdiladif akarudia. Wanawake wawili huuza maziwa ya ngamia sokoni. Kila mmoja huletewa ya kwao kutoka Gotu, kwa pikapu moja, katika jerikeni za manjano zinazofanana. Zinatambuliwa kwa uzi tu, mmoja mwekundu, mwingine wa kijani. Njiani nyuzi zimekatika. Jerikeni moja imefika na maziwa safi, nyingine imetiwa maji. Kila mwanamke anaapa kwamba yale safi ni yake.

“Dereva anasemaje?”

“Hajui. Yeye alipakia tu.”

Leila alizunguka sebule, mikono nyuma. Ghafla akasimama.

“Hizo jerikeni zilifukizwa moshi kabla ya kutiwa maziwa?”

“Si zote hufukizwa? Kila boma na mti wake.”

“Na hao wamama, kila mtu ako na wateja wake?”

“Wa miaka mingi.”

Leila akacheka peke yake. Alitazama karatasi ya mama yake yenye maneno matatu, mlalamishi, maslahi na ithibati, akakohoa kidogo kama mtu aliye mahakamani.

“Kila mlalamishi hapa ana maslahi yake, kwa hivyo kuwauliza wao ni kupoteza wakati. Ithibati itoke kwa mtu hana haja. Ita wateja wa huyu na wateja wa yule, wafungwe macho, waonjeshwe yale maziwa safi. Mtu amekunywa chai ya maziwa yako miaka mitano, moshi wako anaujua hata akiwa amelala.”

Abdiladif alikuwa anaandika kila neno kwenye daftari lake dogo. “Na wakibishana?”

“Wateja wangapi?”

“Tuseme sita.”

“Wawe saba, basi.”

“Saba,” akaandika. “Na aliyetia maji, tumfanye nini?”

“Aabo! Hiyo ni kesi ingine. Unanipea mbili nikitafuta moja!”

Hawo, mama yake, alicheka kutoka jikoni. “Mwache mtoto apumue. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.”

“Sasa nimepata ama sijapata?” Leila akauliza.

“Utajua Jumatatu jioni.”

Ilikuwa hivyo kila wiki, na ilimuudhi sana.

“Wallahi, hata mtihani wa taifa haukawii hivi. Si jibu unalo?”

Abdiladif alitafuta barakashia yake, akaipata kichwani, akaondoka kwenda msikitini ingawa muda ulikuwa bado.

Jumatatu, kama kawaida yake, alikwenda kukaa na wazee wa soko. Alirudi jioni na kilo ya tende, uso umemng'aa. Siku hizi akipita mtaa wa Bulla Pesa hata wauza miraa walinyanyuka kumsalimia. Leila alidhani ni kwa sababu ya lori la pili alilonunua.

“Umepata,” baba akasema, akamwekea simu mkononi. “Zote kumi.”

Leila alifurahi mpaka akamkumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu darasa la sita.

Wiki nzima hakuna aliyeuona uso wake vizuri. Shule zilikuwa zimefungwa, na yeye alikuwa na miezi ya ujumbe wa marafiki wa kusoma. Jumatatu asubuhi, mama yake akiwa sokoni, simu ikalia mikononi mwake. Alikuwa baba yake, na nyuma yake kulisikika upepo wa barabara ya Moyale.

“Leila, gurudumu limepasuka huku Laisamis. Leo sifiki. Kuna kesi ya kumi na moja.”

“Aabo, tulisema kumi!”

“Najua, mwanangu. Nifichie aibu. Iko mlangoni.”

Leila alikwenda akinung'unika, akitazama sakafuni kutafuta karatasi iliyopenyezwa chini ya mlango. Hakuiona. Akafungua.

Nje walisimama wazee wa soko, wote, na bakora zao. Mwenyekiti wao, Mzee Kulmiye, alikuwa tayari anavua viatu.

“Salaam aleikum, binti,” akasema. “Ile ya maziwa tuliimaliza vile ulisema, na hakuna mtu aligombana. Leo ni ya mbuzi, na wenyewe tumewaacha hapo kwa geti wangoje kauli yako.”