Jozi ya Kumi na Moja

Dakika ya hamsini, nahodha wetu Khalfani aliketi uwanjani akashika paja. Ilikuwa mechi yake ya mwisho chuoni. Mimi wa mwaka wa kwanza nilikuwa nimecheza dakika sita tu msimu mzima.

Alitoka akichechemea. Timu ina jozi kumi na moja za vikinga vya ugoko, mtumba wa soko la Mchikichini, kwa hiyo anayetoka humwachia anayeingia. Vyake vilikuwa bado vya moto, vimelowa jasho. Sijawahi kushukuru kupewa kitu kinachonuka vile.

"Umeumia sana, kaka?"

"Vaa, dogo. Ukipata mpira usiurudishe nyuma."

Niliupata, nikakimbia nao pembeni. Nje ya mstari wa chaki mtu alikuwa anakimbia sambamba nami, anapiga makofi. Khalfani, hachechemei hata kidogo.