Kilio Ndani ya Kinanda

Sauti ya Siok-hun ilikuwa imekauka, na muda si mrefu angetakiwa kutambaa mbele ya jeneza, akilia kwa niaba ya mabinti wa marehemu waliotukodi.

"Usihofu, dada," nilimwambia juu ya lori letu la muziki. "Shika maiki, fungua mdomo tu. Atakayelia ni kinanda."

"Basi kivalishe na hizi nguo nyeupe za msiba," alinijibu kwa sauti ya kukwaruza.

Nilikuwa nimeokota kilio chake kwenye kanda kuukuu chini ya kiti cha lori, nikakisafisha kwa kompyuta na kukipachika kwenye kitufe kimoja cha kinanda. Nilikiunga mwisho na mwanzo, kisikatike mpaka nitoe kidole.

Nikabonyeza. Kilio kikajaa hema zima la msiba. Hata wapishi waliacha kukatakata mboga.

Siok-hun akadondosha maiki.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye kanda yako ya zamani. Ulikohoa mwishoni, nikakifuta kikohozi."

"Mimi sijawahi kukohoa nikilia." Midomo yake ilikuwa imepauka. "Mama yangu ndiye aliyekuwa akikohoa kila akilia. Kanda zake tulizichoma zote siku tuliyomzika, pamoja na nguo zake."

Kidole changu kilikuwa bado kimebonyeza kitufe. Binti mkubwa wa marehemu alikuwa anatupungia mkono tuanze.

Siok-hun akapiga magoti, akabandika shavu kwenye spika.

"Ole wako ukitoa kidole," alisema.