Kabichi Bandani

Daktari wa mifugo alisema kuku wafungiwe mwezi mzima kwenye banda la wavu, mpaka ugonjwa upite. Siku ya tisa wakaanza kudonoana kwa kukosa shughuli. Yule mwekundu alikuwa ameshatoka damu mkiani, na kuku wakionja damu ya mwenzao hawaachi.

Mke wa seremala akatoboa kabichi nzima, akapitisha kamba, akaitundika katikati ya banda, ncha ya kamba akaifunga nje ya wavu. Kisha akachutama nje aone watafanya nini.

Hawakufanya kitu. Waliitazama shingo upande, kila mmoja kwa jicho moja.

Mlango wa jikoni ukalia nyuma yake. Alikuwa mama mkwe. Walikuwa wamenuniana siku kumi na moja, seremala wa watu akageuka tarishi wa kupeleka maneno chumba hadi chumba.

"Umeitundika juu mno," mama mkwe alisema.

Mke wa seremala hakujua kama huo ulikuwa ugomvi au amani. Bila kugeuka, akaishusha kamba shubiri moja.

Mwekundu akasogea, akadonoa. Kabichi ikabembea, ikarudi, ikamgonga kifuani. Akaruka kando kwa makelele, halafu akairudia mbio, na wenzake wote nyuma yake.

Mama mkwe alicheka mpaka akashikilia wavu. Akavuta ndoo, akaifudikiza, akaikalia.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema. "Unanikinga, sioni."