Mikanda ya Mihayo

Kwa wawindaji wa mji ule, aliyebeba nyama mgongoni ndiye aliyegawiwa. Mihayo alikuwa amevunjika mguu, kwa hiyo safari hii angekwenda mkewe, Kalunde. Lakini fremu ya miti ya kubebea nyama mgongoni ilifungwa kwa kimo cha mume. Kila Kalunde alipoijaribu kwa gunia la mchanga, mzigo ulimshukia makalioni na mikanda ya ngozi ikamkata mabega.

"Vumilia, utazoea," alisema Mihayo kutoka mkekani.

"Nizoee nini? Mikanda mirefu, Baba Shija. Acha nifungue mafundo niifupishe."

"Mafundo yangu usiyaguse. Nikipona nitavaa nini?"

"Na mpaka upone, tutakula mafundo?"

Nje wawindaji walicheka. "Shemeji, tunakuacha," mmoja aliita.

Kalunde alijaribu kuyafungua kwa kucha, kisha kwa meno, yakakataa. Akachukua kisu, akayakata, akafunga upya. Aliposimama, mzigo ulitulia katikati ya mgongo. Akamwaga mchanga, akatoka bila kuaga.

Mihayo alijivuta sakafuni, akaokota vipande vya ngozi, akaanza kuviunganisha kimoja kimoja.