Bwana Asali na Tamathali Zake

"Chuku hiyo!" binti alifoka kutoka chumbani.

Mgeni aliyekuwa sebuleni aligeukia mlango wa chumba. Alikuwa anamweleza mama wa binti huyo, fundi cherehani, kwamba tangu amwone hajafumba jicho.

"Usimjali," mama alisema huku miguu ikikanyaga cherehani. "Anajisomea."

Kabla ya hapo binti huyo alikuwa amekitupa mvunguni kitabu chake cha fasihi. "Tashbihi, sitiari, takriri! Zitanichotea maji hizo?" Mtihani wa mwisho ulikuwa unabisha hodi, na habari za mwalimu wa ziada hakutaka hata kuzisikia. Mama hakubishana naye.

Kisha akaja bwana huyu na suruali ya kupunguza. Kesho yake akaja na nyingine. Ulimi wake ulikuwa mtamu hadi binti akambatiza Bwana Asali. Mama alikuwa mjane, hawakuwa na mwingine wawili hao, na sasa alianza kuchekacheka ovyo mbele ya mteja. Binti aliona anaibiwa mama mchana kweupe. Akaingia mvunguni, akakipangusa kitabu vumbi, akatafuta silaha.

"Wewe ndiye taa ya mtaa huu," mgeni alisema.

"Sitiari!"

"Hata cherehani yako inanikonyeza."

"Tashihisi! Mama, usidanganyike, hayo yote yana majina!"

"Nani asiyekupenda wewe?"

"Swali la balagha!" Binti alitokeza kichwa mlangoni. "Tena limechakaa."

Mgeni hakununa. Kila alipokamatwa alitabasamu, na siku ya pili akaja na neno gumu zaidi, na binti akakesha na kitabu kulisaka.

Siku ya mtihani alirudi nyumbani anarukaruka. "Mama, zote nimezijua! Sasa mfukuze yule mtu."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Yule ni mwalimu wa fasihi, anafundisha upande wa pili wa mji. Nilimwomba mimi. Kwani wewe ungekubali kufundishwa?"

"Kwa hiyo mahaba yote yale…"

"Masomo tu, mwanangu."

Binti alinuna kidogo, akacheka, kisha akashusha pumzi ndefu. Mama alikuwa bado wake peke yake.

Kesho yake alasiri mlango uligongwa. Binti alipofungua, alimkuta Bwana Asali kizingitini, hana suruali ya kupunguza wala shati la kutia vifungo, macho kwenye viatu vyake.

"Nimekuja," alisema, akakwama. Akakohoa. "Nimekuja kumwona mama."

Binti alisubiri tamathali. Haikutoka hata moja. Akageuka kumwita mama yake, akamkuta mbele ya kioo, anafunga kilemba upya.